Jeli Iliyozimika kwa Maji ya Kasha

Jumanne, 10 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na jeli imeganda.

Asubuhi nilipasha moto ndani ya maji ule unga mweupe ambao mimi na Profesa Gracien tunahangaika nao tangu mwaka jana. Uliyeyuka, nikaumimina kwenye vichupa, nikauacha upoe. Mvua ilipoanza kupiga bati za maabara nikakimbia kufunga madirisha, na niliporudi nikageuza kichupa kimoja juu chini. Hakikumwagika kitu. Nikaingia nacho chini ya pazia jeusi nililolishona kwa ajili ya kona yangu, nikawasha ile taa ya zambarau ambayo wabadilisha fedha wa Nyawera, hapa Bukavu, huitumia kuchungulia noti bandia. Jeli ikawaka buluu, kama mwali wa gesi.

Nilipiga kelele. Profesa akaja mbio akidhani nimejiunguza.

"Lolo, iko nini?"

"Kuya uone, Prof! Kuya uone!"

Akainama chini ya pazia. Alipotoka alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya tai.

"Bon, vizuri," alisema. "Sasa tuone kama inajua kuzimika."

Siku niliyoanza kazi hii alinieleza hivi: molekuli za jeli yetu hazikufunga ndoa, zinashikana mikono tu. Ukizipasha moto zinaachana, zikipoa zinatafutana tena, zinafanya wavu, na wavu unayashika maji yasitiririke. Ndani ya wavu huo tumeweka mwanga. Zebaki ikiingia, mwanga uzimike. Mito ya Mwenga na Shabunda inabeba zebaki ya wachimba dhahabu, na anayekunywa hawezi kuijua kwa jicho wala kwa ulimi. Mashine za kuipima ziko ng'ambo ya mipaka. Kichupa kinaingia mfukoni.

Kazi ya maabara naiandika kwa Kifaransa, kwa uzani na nyuzi joto. Humu nitaandika mengine.

Alhamisi, 12 Septemba

Hakuna umeme. Nimefua makoti ya maabara.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo nimeilisha jeli kila chumvi niliyoikuta kabatini. Chumvi ya kawaida: inawaka. Chokaa: inawaka. Magnesiamu, zinki, shaba: shaba iliififisha kidogo, lakini jeli ikakataa kufa. Kisha tone dogo la zebaki kutoka kwenye chupa yenye alama ya fuvu. Mwanga uliondoka taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeshuka ngazi. Nilibaki chini ya pazia nikitazama giza. Kitu nisichokiona kimekiua kitu ninachokiona. Sijui kwa nini jambo hili linanifurahisha namna hii.

Chuma sikukijaribu. Chupa yake iliingia maji msimu uliopita, chumvi imegeuka tope la kutu. Nitaomba nyingine.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa nilimwonyesha maman yangu jeli. Maman Georgette alifundisha shule ya msingi hapa Bagira maisha yake yote, na bado ananiuliza maswali kama yuko mbele ya darasa. Tulijifunika blanketi la kitanda, sisi wawili na taa.

"Na ukitia chai?"

"Maman, jeli haikutengenezwa ju ya chai."

"Nimekuuliza: ukitia chai?"

Nikatia. Mwanga ukafifia.

"Kumbe! Haiogope zebaki peke yake. Inaogopa na chai."

Nilicheka, nikamwambia chai ina rangi yake, inakula mwanga. Tulipotoka kwenye blanketi tukasikia ile harufu ya chuma kilichoungua. Ni Papa Aloys, jirani wetu wa juu mlimani. Ni mtu wa Mwenga, alichimba dhahabu huko ujana wake wote. Sasa ananunua kwa wachimbaji vidonge vya dhahabu iliyoshikana na zebaki, anavichoma kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Zebaki inapanda na moshi, dhahabu inabaki. Hasalimii watu. Mkewe, Maman Gisèle, mzaliwa wa Walungu, ana mimba na anasalimia kwa niaba ya wote wawili.

"Huyu mutu atatuua," maman alisema, akafunga dirisha.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Pikipiki imeanguka na mimi kwenye mteremko wa kwenda Kasha, mtaa wetu wa Bagira. Goti.

Alhamisi, 3 Oktoba

Inanyesha tangu Jumapili bila kupumzika vizuri. Jana jioni nilichota maji kwenye chemchemi yetu ya Kasha, ile ya chini ya nyumba ya Papa Aloys, ambako mtaa mzima unajaza mabidoni, madumu ya maji. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitaka tu kuona jeli yangu ikikutana na maji ya kweli, yenye majani na historia, baada ya maji yote haya yaliyochujwa.

Niliyachuja kwa karatasi, nikatia tone la asidi kama inavyotakiwa, nikayamwagia jeli, nikaingia chini ya pazia.

Ikazimika.

Nilirudia kwa maji ya bomba ya hapa maabara: inawaka. Nikarudia ya chemchemi: giza. Maman anakunywa maji hayo. Mimi nimekua kwa maji hayo. Profesa yuko Uvira kwenye semina na simu yake haishiki.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimemwambia maman peke yake. Nimemwomba asiseme mpaka Profesa arudi.

"Mutoto ya mutu akunywe sumu, miye ninyamaze?" alisema.

Jumatatu, 7 Oktoba

Maman alimwambia Maman Yolande wa kwaya, na Maman Yolande ana sauti ya kwanza. Leo kwenye chemchemi hakuna mtu, na wote wanataja moshi wa Papa Aloys. Wanawake wanashuka mpaka chini kabisa kutafuta maji mengine, wanapanda na bidon mgongoni, kamba kwenye paji la uso, ndani ya tope. Wakipita kwetu wananiita kwa kazi yangu, msaidizi wa Profesa: "Aksanti, Assistante." Nimejisikia mtu wa maana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimerudi nyumbani sasa hivi na naandika haraka, kwa hiyo maandishi haya yawe yalivyo.

Saa za adhuhuri, mvua ilipokatika, nilisikia kelele kutoka juu. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa Papa Aloys, wengine nawajua tangu utoto. Jiwe liligonga bati, likafuata la pili. Kijana mmoja alikuwa ameingia kibandani na alikuwa anatoa tanuru dogo kwa mateke, makaa yamezagaa kwenye tope yakitoa moshi.

Papa Aloys alikuwa amesimama katikati, kofia mkononi. Nyuma yake, mlangoni, Maman Gisèle alishika tumbo lake kwa mikono yote miwili.

"Muuaji!" watu walisema. "Rudia kwenu Mwenga na sumu yako!"

"Ile maji na miye naikunywa," alisema Papa Aloys. Hakupaza sauti, akamwelekezea mkewe kichwa. "Bibi yangu anaikunywa. Munafikiri miye niko wazimu?"

Mtu mmoja akaniona kwenye njia, akanionyesha kwa kidole, akaita, "Njo huyu! Assistante, sema mbele yake! Ulipima ao hukupima?"

Wote wakanigeukia. Nilisema nilipima. Nilisema jeli ilizimika. Nilitaka kusema zaidi, kwamba ni mara ya kwanza, kwamba Profesa hajaona, lakini neno "ilizimika" liliwatosha na sauti zao zikanifunika.

Papa Aloys alinitazama. Niliona kofia yake inacheza. Ilikuwa mikono yake, inatetemeka, nikadhani ni woga.

"Mademoiselle," alisema, "ulikuya kwangu ata siku moja, ukaniuliza?"

Jiwe jingine likapita, likampiga begani. Hapo Chef Emile, mkuu wa mtaa wetu, alifika akihema, na koti lake la mvua lililochanika. Alijiweka mbele ya mlango, tumbo lake mbele kama ngao.

"Anayetaka kutupa, anitupie miye! Nani anataka? Hii nyumba iko na mwanamuke wa mimba. Muko bantu ao muko nini?"

Alifunga kibanda kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni, akasema mambo yote yasubiri wakubwa. Watu walitawanyika polepole, wakilalamika. Maman Gisèle alikuwa bado mlangoni. Nilimwambia pole. Aliingia ndani bila kunijibu, yeye anayesalimia kila mtu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Profesa amerudi. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Chuma ulijaribu?"

Nikatazama ile chupa ya kutu kabatini.

"Lolo. Ile udongo ya Bukavu iko na rangi gani?"

Nilitoka nje, kwenye mvua, nikachota konzi ya udongo nyuma ya maabara. Mwekundu, kama wote wa hapa, kama ule unaoteremka milimani kwetu kila ikinyesha. Niliutikisa na maji na tone la asidi, nikauchuja mpaka maji yakatoka meupe. Nikaingia chini ya pazia. Jeli ikazimika, taratibu, kutoka juu kwenda chini, vile vile kabisa.

Nilipotoka Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Walimubomolea," nilisema.

"Nimesikia."

"Juu yangu, Prof. Kosa ni yangu."

Alivua miwani. Nilisubiri anigombeze, ingekuwa nafuu. Akasema, "Jeli ilikujibu vizuri. Ilikuambia iko kitu. Weye njo ulisema jina la kile kitu." Kisha akavaa miwani, akavuta vichupa karibu: "Na miye njo nilikufundisha. Tutumike."

Jumanne, 15 Oktoba

Swali sasa ni hili: vitu viwili vinazima mwanga mmoja. Nitawatenganishaje wezi wawili waliovaa koti moja?

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepata! Nilikuwa natafuta kitu ambacho zebaki inakipenda kuliko inavyoipenda jeli yetu. Ni iodidi, chumvi ya iodini. Ukitia tone la maji ya iodidi kwenye jeli iliyozimwa na zebaki, iodidi inaikumbatia zebaki, inaing'oa kwenye wavu, na mwanga unarudi. Nimeuona ukirudi. Ulianza kama alama ya kidole pale tone lilipoangukia, ukaenea. Kwa jeli iliyozimwa na chuma haurudi. Inabaki giza, na juu yake inakaa rangi ya kahawia.

Tumefanya mara nyingi, mimi kisha Profesa, kisha mimi nikiwa sijui kichupa kipi ni kipi. Halafu nikachukua yale maji ya chemchemi.

Mwanga haukurudi. Ni chuma. Ni udongo wetu tu, ulioshuka na mvua.

Nilikaa sakafuni chini ya pazia, nikacheka, kisha nikalia, na kwa muda sikujua ni kipi.

Jumapili, 20 Oktoba

Nilimwomba padri nafasi wakati wa matangazo. Nilishika maikrofoni na nikasema: nilikosea, chemchemi haina zebaki ninayoweza kuiona, ina chuma cha udongo, Papa Aloys hakuitia sumu, na waliomvunjia wamevunja kwa neno langu. Nilisikia matone kwenye bati, nikarudisha maikrofoni.

Nje, Maman Yolande alisema, "Leo ni chuma. Kesho itakuwa nini?" Mwingine akasema wazi kwamba nimepewa dhahabu. Maman alinishika mkono tukapita katikati yao, na alitembea wima kama siku ya kutoa matokeo ya mtihani. Tulipofika nyumbani akajifungia chumbani.

Jioni Chef Emile alikwenda kufungua kufuli la kibanda.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Papa Aloys. Nilipaswa kwenda kabla sijamwambia mtu.

Alikuwa kibandani, anajenga tanuru jipya kwa udongo. Nilimwomba msamaha. Hakugeuka. "Nimesikia ulisema kanisani," alisema. Basi.

Maman Gisèle ndiye aliyenikaribisha. Alinipa kiti na kikombe cha maji. Mvua ilikuwa inaanza tena, na nilisikia maji yakiporomoka karibu sana, nikatazama. Kutoka kwenye bati zao kuna mfereji, unashuka kwenye pipa kubwa la buluu ukutani.

"Tangu ile siku siendake kwenye chemchemi," alisema. "Bananiangalia vibaya. Na mbele ya pale pia, na hii tumbo, nilikuwa nachoka. Maji ya Mungu inatosha."

Nikafuata bati kwa macho. Zinapanda, zinaungana na paa la kibanda. Na katikati ya paa la kibanda limesimama bomba la moshi, na bati zote zinazolizunguka zina weusi unaometa.

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiweka chini.

Nilimfuata Papa Aloys, nikamwomba chupa moja ya maji ya pipa. Hapo ndipo alipogeuka.

"Ulichukua maji ya mulima, ukaniharibia jina. Sasa unataka na maji ya nyumba yangu?"

"Papa, moshi inapanda, inapoa, inaanguka juu ya bati. Mvua inaisafisha, inaitia mu pipa..."

"Mbele ya Mungu ulisema zebaki haiko. Ao hukusema?"

"Ile ilikuwa chemchemi."

"Weye kila mara uko na neno." Alichukua mwiko wa kujengea akaendelea na kazi. Ulimtoka mkononi mara mbili. Si woga. Nani angemwogopesha sasa? Mimi?

Jumatatu, 28 Oktoba

Moshi umeanza tena. Wanawake wamerudi kwenye chemchemi, wanataniana: "Kunywa, kunywa, ni vitamini ya chuma." Neno zebaki sasa ni kichekesho. Mimi ndiye niliyeliua.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua. Niliwaza zile bati.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Nimekutana na Maman Gisèle kwenye njia ya soko. Nilimwambia kila ninachojua na kila nisichokijua. Kwamba sijapima. Kwamba pengine nakosea tena. Kwamba zebaki ikiwepo, mtoto aliye tumboni anaipata kuliko mama. Nilimwambia asiache kunywa maji kwa kuniamini mimi. Amwambie mumewe tupime.

Alisikiliza akiwa ameangalia chini. "Aloys alikuwa anafunga kamba ya viatu na macho imefunga," alisema. "Sasa ni miye namufungia." Akaenda zake.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo, kabla ya adhuhuri, Papa Aloys ameingia maabara.

Alikuwa amevaa koti la Jumapili na viatu vyenye tope mpaka juu. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Alimsalimia Profesa, mimi akanitikisia kichwa tu. Kisha akatoa chupa tatu ndogo, akazipanga mezani. Zote zilifanana, zote maji meupe.

"Gisèle amekataa kunywa," alisema. "Tangu jana. Anasema mpaka nijue. Nilimuambia, yule binti anaweza kusema kitu yoyote. Basi nimeleta tatu. Miye najua ni gani na gani. Beye hamujue. Museme."

Profesa alinitazama. Nikaona anataka kutabasamu na anajizuia. "Ni haki yako, Papa," alisema. "Tena njo vile inatakiwa."

Tuliandaa maji. Sikuwahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile. Hata kupumua nilipumua pembeni. Nilimwomba aingie chini ya pazia pamoja nami, aone mwenyewe. Alikuwa mrefu, ilibidi apige magoti. Tukawa bega kwa bega, mimi na mtu niliyemfanya apigwe jiwe, na vichupa vitatu vya jeli vikiwaka mbele yetu.

"Ni nzuri," alisema, bila kukusudia.

Nikamwagia maji ya chupa ya kwanza. Jeli iliendelea kuwaka.

Ya pili. Mwanga ulishuka ngazi, ukaisha.

Ya tatu. Huu nao ukaondoka, polepole zaidi, lakini uliondoka.

"Mbili zimekufa," alisema Papa Aloys. "Sasa?"

"Sasa tunaziuliza ni nani amezizima."

Nikatia iodidi kwenye ya pili. Tulisubiri. Giza. Hakuna kilichorudi.

Nikatia kwenye ya tatu. Kwa muda hakikutokea kitu, na nilianza kuomba, nisijue naomba nini: nikiwa sahihi mtoto yuko hatarini, nikiwa nimekosea mimi nimekwisha. Kisha chini kidogo ya tone, alama ndogo ya buluu. Ikapanuka. Ikafika ukutani mwa kichupa.

"Ya kwanza ni maji safi, labda ya dukani," nilisema. "Ya pili ni chemchemi. Ya tatu iko na zebaki. Ya tatu ni pipa yako, Papa."

Alinyoosha mkono akachukua kichupa cha tatu, akakileta karibu na uso. Mwanga wa buluu ulikuwa unacheza mkononi mwake kwa sababu mkono ulikuwa unacheza. Aliutazama ule mkono kuliko alivyoitazama jeli.

"Njo maji ananipikia nayo," alisema. "Njo maji anaogea. Banipiga mawe ju ya maji ya batu, kumbe niko naua bangu."

Nilisema hatujui bado ni kiasi gani. Profesa naye, nje ya pazia, alisema hivyo hivyo: jeli inaonyesha ipo, haisemi ni nyingi kiasi gani kama mashine, itabidi kutuma maji nje ya nchi, na damu na mkojo wao hospitali. Papa Aloys alikuwa ameshasimama.

"Mutume yote munataka kutuma," alisema. "Miye naenda kutoa ule mufereji."

Alitoka bila kuchukua mfuko wake. Mvua ilikuwa inanyesha na hakufunga koti.

Jumamosi, 9 Novemba

Mfereji umetolewa, umelala kwenye majani ya njia. Pipa limelazwa. Nimewaambia yale maji yasimwagwe upande wa chemchemi, na tope la chini tumelitia kwenye bidon ya kufungwa. Lile tope lilizima jeli kabla sijarudisha kifuniko. Chef Emile alikuja kuangalia, akauliza, "Sasa hii njo zebaki ya kweli ao ni chuma tena?" Papa Aloys akajibu kabla yangu: "Niliona na macho yangu."

Maman Gisèle amepanda basi dogo la Walungu, kwa mama yake, mpaka atakapojifungua. Maman yangu alimbebea mzigo mpaka barabarani.

Alhamisi, 14 Novemba

Kibanda kimebomolewa. Amekibomoa mwenyewe. Tanuru jipya lilikuwa bado halijakauka vizuri.

Alhamisi, 28 Novemba

Majibu ya nje yamefika. Maji ya pipa: zebaki, zaidi ya inavyoruhusiwa, kwa mbali sana. Chemchemi: hakuna kinachohesabika. Hospitali wamemwona Papa Aloys. Wanasema kutetemeka kunaweza kupungua akikaa mbali na moshi, pengine si kote. Wamemwona pia Maman Gisèle. Kiasi ndani yake kinashuka. Kuhusu mtoto, wanasema: tungoje.

Jumamosi, 7 Desemba

Papa Aloys amenipeleka kwenye mji mdogo wa Miti, kwa watu wawili anaowajua wanaochoma dhahabu jikoni mwao. Yeye ndiye aliyeongea, mimi nilishika taa chini ya shuka. Mmoja alicheka. Mwingine alikwenda kimya akaleta maji ya mtungi wake. Jeli ilizimika, kisha mwanga ukarudi. Wa kwanza naye akaenda kuleta yake.

Njiani kurudi nilimuuliza Papa Aloys kama bado ana hasira na mimi.

"Iko," alisema. Baadaye kidogo: "Lakini inapunguka, kama hii mikono."

Jumapili, 15 Desemba

Msichana. Walungu, alfajiri. Amelia vizuri.

Jumanne, 17 Desemba

Mimi na maman tumekwenda Walungu na kitenge na sabuni na sambaza, dagaa wakavu wa maman. Mvua ilitupa nafasi mpaka tukafika.

Maman Gisèle alikuwa ameketi kitandani kwa mama yake, mtoto amefunikwa mpaka pua. Papa Aloys alikuwa mlangoni, anapokea wageni, kila mmoja kwa jina. Bibi wa mtoto alitupa viti. Tulisifu pua, tukasifu vidole. Maman alihesabu kucha zote, kama anakagua daftari.

Kisha Maman Gisèle akaniita karibu. Alisubiri wengine waanze kuongea.

"Maziwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ninyonyeshe ao nisinyonyeshe? Tangu azaliwe ninanyonyesha na ninaogopa. Jeli yako inaweza kuangalia maziwa?"

Nilifikiria maziwa, mafuta yake, weupe wake unaokula mwanga, protini zinazoshika zebaki na kuificha. Jeli ingeweza kuniambia chochote, na mimi ningeweza kukipa jina lolote. Alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mawe. Ningependa sana kumpa jibu.

"Sijue, Maman Gisèle," nilisema. "Jeli haiwezi. Na miye sijue. Usimuachishe kwanza. Kesho tuende pamoja kwa daktari aliyekupima, tumuulize yeye, na kama hajue tutauliza mwengine."

Nje mvua ilianza, nikasikia Papa Aloys akiwaambia watu waingie.

"Ile jibu naiamini," Maman Gisèle alisema. Akamfunua mtoto uso, akamweka mikononi mwangu, na yeye akajinyoosha kitandani, akafumba macho.